Kabla ya kushusha giaboksi

Gari la otomatiki lenye umri wa miaka kumi na tano likianza kuchelewa kuingia gia, katika gereji zetu nyingi hukumu hutoka kabla boneti haijafunguliwa: giaboksi imekufa, tafuta nyingine. Mwenye gari anakwenda Ilala au Gerezani kama yuko Dar es Salaam, Barabara ya Kirinyaga kama yuko Nairobi, ananunua giaboksi iliyotoka kwenye gari lililokatwa Japani au Dubai, inafungwa, na miezi michache baadaye wapo wanaorudi gereji na ugonjwa uleule. Hoja yangu ni kwamba sehemu kubwa ya giaboksi hizi huuawa na mambo yanayozuilika, hasa oili iliyochoka na oili isiyo yake, na kwamba desturi ya kung'oa giaboksi nzima bila kutafuta chanzo inawatia watu hasara wasiyostahili. Simtupii lawama fundi peke yake. Mwagizaji, muuza oili, mwenye gari na hata kiwanda kilichotengeneza gari, kila mmoja ana mkono wake humu.

Tuanze na kazi ya oili yenyewe, maana hapo ndipo watu wengi wanapokosea. Kwenye injini, oili inalainisha, inapooza na kusafisha. Kwenye giaboksi ya otomatiki inafanya hayo, kisha inafanya kazi nyingine kubwa zaidi: ndiyo inayosukuma gari. Nguvu ya injini huingia kwenye torki konveta, na ndani yake hakuna pleti ya klachi ya kukanyagwa na dereva. Kuna mapangaboi yanayoirusha oili kutoka upande mmoja kwenda wa pili mpaka upande wa pili uzunguke. Oili hiyohiyo, ikiwa chini ya shinikizo la pampu, hupita kwenye vijia vyembamba vya vali bodi na kubana seti za klachi zinazochagua gia ya kwanza, ya pili au ya tatu. Tangu General Motors ilipoleta Hydra-Matic kwenye magari ya Oldsmobile ya mwaka 1940 hadi Toyota Spacio inayopita mtaani kwako leo, kanuni hii haijabadilika. Oili ikipungua, shinikizo linapungua. Shinikizo likipungua, klachi haibani sawasawa, inateleza. Ikiteleza inazaa joto, na joto hilo linaiunguza oili iliyobaki. Giaboksi iliyofika hapo inajimaliza yenyewe, na huanza kimyakimya muda mrefu kabla dereva hajahisi lolote.

Joto ndilo adui mkuu. Oili ya otomatiki hufanya kazi vizuri kwenye nyuzi 80 hadi 90 za Selsiasi hivi, na wahandisi hutumia makadirio kwamba kila nyuzi 10 zinazoongezeka juu ya hapo hupunguza maisha ya oili kwa karibu nusu. Sasa fikiria mazingira ya magari yetu. Foleni ya saa nzima, gari likisogea mita tano na kusimama, hewa isiyopita kwenye rejeta, jua la mchana la pwani, mlima wa Kitonga huku familia na mizigo vimejaa mpaka dirishani. Vitabu vya magari huwa na ratiba mbili za huduma, moja ya matumizi ya kawaida na nyingine ya matumizi magumu, na ukiisoma ile ya pili utakuta vumbi, joto, safari fupifupi za mjini, kuvuta mizigo na kazi ya teksi. Hayo ndiyo maisha ya kila siku ya gari la Afrika Mashariki. Kwa hiyo anayefuata ratiba ya kawaida iliyoandikwa kwa ajili ya barabara za Japani anaichelewesha huduma bila kujua.

Na mara nyingi hata hiyo ratiba ya Japani hatuna. Gari linapokuwa Japani hupitia ukaguzi wa lazima, wa kwanza likiwa na miaka mitatu kisha kila baada ya miwili, na kumbukumbu za huduma huandikwa kwenye daftari linalokaa ndani ya gari. Gereji za huko pia hubandika stika yenye tarehe na kilomita za siku oili ilipobadilishwa. Daftari hilo likifika huku huonekana karatasi za Kijapani zisizo na maana, linatupwa, na stika inabanduliwa gari linapooshwa ili livutie. Mnunuzi anabaki na namba ya kilomita kwenye dashibodi, nayo kila mtu anajua jinsi inavyoweza kurudishwa nyuma. Katika hali hiyo busara ni moja: chukulia kwamba oili ya giaboksi haijawahi kubadilishwa, na upange kuibadilisha ndani ya wiki za mwanzo za kulimiliki gari, baada ya kuhakikisha hali yake kwanza.

Pingamizi la kwanza linatoka kiwandani kwenyewe. Makampuni kadhaa yamekuwa yakisema oili ya giaboksi zao ni ya maisha yote ya gari, na baadhi yameondoa hata kijiti cha kupimia ili mtu asihangaike nayo. Ni pingamizi zito, maana nani anaijua giaboksi kuliko aliyeiunda? Lakini aliyeiunda mara nyingi si yule anayeuza gari. ZF, kampuni ya Ujerumani inayotengeneza giaboksi za BMW na nyingine nyingi, inashauri oili ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000, au ndani ya miaka minane, hata pale ambapo muuza gari alitangaza kwamba oili hiyo haibadilishwi kamwe. Maneno "maisha yote" yana maana kwa mteja wa kwanza, anayelitumia gari miaka michache na kuliuza. Sisi ndio wateja wa pili, wa tatu na wa nne. Gari linalofika Mombasa likiwa na miaka saba, umri ambao sheria ya Kenya ya miaka minane bado inauruhusu, limekwisha kumaliza yale maisha ambayo kiwanda kiliyahesabu, na hapa linatarajiwa kuishi mara mbili yake.

Kosa la pili, baada ya lile la kuchelewesha oili, na kwa maoni yangu ndilo linaloumiza zaidi, ni kuweka oili yoyote ilimradi ni nyekundu. Madukani inaitwa haidroliki, inapimwa kutoka kwenye pipa, inamiminwa kwenye usukani, kwenye jeki na kwenye giaboksi bila kuulizwa gari ni la aina gani. Kumbe kila giaboksi ilipimiwa oili yake: wepesi wake, na kiasi ambacho klachi inaruhusiwa kuteleza kabla ya kushika. Toyota za zamani kidogo zinataka Type T-IV. Kuanzia katikati ya miaka ya 2000 nyingi zilihamia WS, ambayo ni nyepesi zaidi, na Toyota inakataza moja kuwekwa mahali pa nyingine. Honda ilikuwa na Z1 kisha DW-1, Mitsubishi wana SP-III. Chupa nyingi za rafuni zimeandikwa Dexron III, kiwango ambacho General Motors waliacha kukitolea leseni mwishoni mwa mwaka 2006, hivyo maandishi hayo leo hayathibitishwi na General Motors. Kwa giaboksi za CVT hatari ni kubwa kuliko zote. Humo gari linaendeshwa na mkanda wa chuma uliobanwa kati ya puli mbili za chuma, na kinachozuia mkanda usiteleze ni sifa ya pekee ya oili yake, kama NS-2 au NS-3 kwa Nissan. Ukiweka oili ya otomatiki ya kawaida, mkanda unateleza, puli zinapata mikwaruzo, na giaboksi hiyo huwa haina tena cha kuokoa. Mtu anaweza kuua giaboksi nzima siku ileile aliyoipeleka kwa huduma, akidhani ameitendea wema.

Hapo ndipo ilipozaliwa imani iliyoenea kuliko zote: kwamba giaboksi ya gari kuukuu ukiibadilishia oili ndiyo unaiua, bora uiache na oili yake nyeusi. Imani hii siipuuzi, kwa sababu imetokana na mambo ambayo watu wameyaona kwa macho. Tatizo ni tafsiri. Wengi hukumbuka oili pale gia zinapokuwa zimekwisha kuanza kuteleza. Nyuso za klachi zimelika, oili imeungua na imejaa unga wa zile klachi, na unga huo ndio unaozisaidia kushika kidogo. Ukimwaga ukaweka mpya, safi na laini, gari linagoma kuondoka. Oili mpya imefichua kifo kilichokwisha kutokea. Jambo la pili ni njia inayotumika. Mashine ya kusukuma oili kwa nguvu inaweza kubandua uchafu uliolala miaka mingi na kuukimbiza kwenye vijia vya vali bodi, nako ukaziba. Kwa giaboksi iliyokaa muda mrefu bila huduma, njia salama ni kumwaga kwa kufungua boliti ya chini na kujaza kiasi kilekile kilichotoka, kisha kurudia baada ya kilomita elfu moja au mbili. Kwenye magari mengi madogo, kumwaga hivyo hutoa kama nusu tu, maana iliyobaki iko kwenye torki konveta. Giaboksi ya lita 7 ikitoa 3.5, mara ya kwanza nusu ni mpya, mara ya pili robo tatu, mara ya tatu karibu asilimia 88. Mabadiliko ni ya taratibu, na ukiona gia zinabadilika tabia njiani unaweza kusimama na kufikiri upya.

Kabla ya kumwaga, angalia. Kijiti kikivutwa, injini ikiwa imepata moto na gari liko kwenye usawa, oili ikipakwa kwenye karatasi nyeupe inasema mengi. Nyekundu inayopenyeza nuru ni nzima. Kahawia imechoka lakini ina matumaini. Nyeusi yenye harufu ya mkate ulioungua inaonyesha klachi zimeungua, na hapo mwenye gari aambiwe ukweli kabla hajalipia chochote. Sampu, yaani bakuli la oili lililo chini ya giaboksi, ikifunguliwa, ndani yake kuna sumaku ndogo za kunasa chuma. Ujiuji laini wa kijivu juu ya sumaku hizo, unaofutika kwa kitambaa, ni uchakavu wa kawaida wa miaka. Vipande vinavyokwaruza vidole, au chembe za manjano za shaba, ni habari nyingine kabisa. Yote haya huchukua dakika chache, na kuna magari yanayoshushwa giaboksi bila hata moja kufanyika. Kwa giaboksi zisizo na kijiti, kama nyingi za Toyota zinazotumia WS, oili hupimwa kupitia tundu la chini ikiwa kwenye nyuzi 35 hadi 45. Fundi anayekisia kwa macho humo anajaza pungufu au anazidisha, na vyote viwili vinadhuru.

Kuna muuaji mwingine ambaye hatajwi, naye ni maji ya bomba kwenye rejeta. Kwenye magari mengi ya otomatiki, oili ya giaboksi hupoozwa ndani ya tangi la rejeta, ikipita kwenye bomba dogo lililozungukwa na maji ya injini. Kinachotenganisha hivyo viwili ni ukuta mwembamba wa chuma. Kiwanda kiliweka kulanti, yenye dawa ya kuzuia kutu. Sisi tunaweka maji ya bomba, wakati mwingine ya kisima chenye chumvi, miaka nenda miaka rudi. Ukuta unaliwa, unatoboka, na maji yanaingia kwenye oili. Oili inakuwa na rangi ya maziwa yenye uwaridi, na maji hayo yanaachanisha gundi inayoshikilia nyuso za klachi kwenye pleti zake. Mtu aliyefunga giaboksi nyingine na kuacha rejeta ileile, iliyotoboka, ameandaa kifo cha pili. Ndiyo sababu wapo wanaobadilisha mara mbili na kuapa kwamba gari lao lina mkosi. Na kama oili iliyochafuka kwa chembe za chuma ilipita kwenye bomba hilo la kupoozea, chembe zimebaki humo zikisubiri giaboksi mpya. Rejeta na mabomba yake visafishwe au vibadilishwe siku hiyohiyo, hata kama fundi ana haraka.

Mazoea ya udereva yanaongeza uzito. Gari la otomatiki lililoharibika likivutwa kwa kamba huku magurudumu yanayosukuma yako chini, giaboksi inazunguka lakini pampu yake, inayoendeshwa na injini, imelala, hivyo chuma kinasaga chuma bila oili. Kurudi nyuma na kutia D kabla gari halijasimama kunazitwisha klachi kazi ya breki. Kuteremka mlima kwa frii kwa imani ya kubana mafuta hakuna faida kwenye injini za kisasa, kwani ukiachia eksilereta gia ikiwa ndani, kompyuta hukata mafuta yenyewe. Kwenye frii injini inaendelea kuyanywa ili isizime.

Narudi kwenye hukumu ya haraka ya kubadilisha giaboksi nzima. Tangu gia zilipoanza kuamriwa na kompyuta, dalili nyingi zinazofanana na kifo ni ugonjwa wa umeme. Waya uliokatika, sensa ya mwendo iliyokufa au solenoidi moja kati ya kadhaa iliyokwama inaweza kuifanya kompyuta ilifunge gari kwenye gia moja ili kulilinda. Dereva anasikia gari zito lisilopanda gia, anaambiwa giaboksi imekwisha, kumbe kinachohitajika ni kifaa kinachoshikika kiganjani. Kupima kwa kompyuta ya gereji hutoa namba za makosa, P0700 ikisema tu kwamba kuna hitilafu upande wa giaboksi, P0750 ikielekeza kwenye solenoidi ya kwanza. Namba hiyo ni mwanzo wa uchunguzi, maana waya mbovu na solenoidi mbovu vinaweza kuleta namba ileile. Bado, fundi aliyesoma namba na kupima waya ana sababu ya kumwambia mteja. Asiyefanya hivyo anabahatisha kwa fedha za mwingine.

Watetezi wa giaboksi ya mtumba husema ni rahisi na ya haraka kuliko kuifungua na kuitengeneza iliyopo. Kwa haraka, wana haki. Daladala iliyolala siku tatu ni siku tatu bila hesabu, na spea za ndani za kutengenezea hazipatikani kila duka. Pia zipo giaboksi zilizosagika mpaka kufungua ni kupoteza muda. Hizo nakubali zibadilishwe. Lakini bei ya dukani ndiyo inayohesabiwa, na hatari haihesabiwi. Giaboksi hiyo imetoka kwenye gari la umri uleule, historia yake haijulikani kama isivyojulikana ya kwako, na kwa kawaida dhamana ni ya kuwasha gari na kuona gia zinaingia. Kwa sura zinaweza kufanana kabisa huku uwiano wa gia au sensa zikitofautiana kwa mwaka au toleo la gari, na kompyuta ikagoma kuelewana nayo. Anayenunua adai mambo mawili angalau: namba ya giaboksi ilingane na iliyo kwenye kibati cha gari lake, na oili iliyomo itolewe ionekane kabla ya kulipa. Muuzaji anayekataa amekwisha kujibu.

Giaboksi za kawaida, za kukanyaga klachi, zina uvumilivu zaidi, ila nazo zina kosa lao la oili. Oili ya GL-5 ina dawa kali za salfa kwa ajili ya difu, na baadhi ya oili hizo hula shaba ya pete zinazosaidia gia kuingia bila kukwaruza. Kama kitabu kimetaja GL-4, iwekwe GL-4. Mguu unaopumzika juu ya pedeli ya klachi humalizia hadithi iliyobaki.

Wapo watakaosema dawa ya yote haya ni kuachana na magari makuukuu, na serikali zetu zimekuwa zikielekea huko: Kenya kwa kikomo cha miaka minane, Tanzania kwa ushuru wa ziada kwa magari yaliyozidi umri. Sina ugomvi na nia ya kulinda hewa na barabara. Ila mwalimu au muuguzi aliyeweka akiba miaka kadhaa anunue Vitz hana uwezo wa kuruka kwenda kwenye gari jipya, na gari jipya zaidi halimwokoi, kwa sababu kadiri magari yanavyokuwa ya karibuni ndivyo CVT na giaboksi zisizo na kijiti zinavyozidi humo. Ujinga wa oili utayaua hayo upesi kuliko ulivyoua yale ya zamani. Kinachowezekana kuanza mwezi huu ni kidogo na hakina gharama kubwa. Waagizaji walikabidhi gari likiwa na daftari lake la Kijapani na stika zake, kwani leo simu ya kawaida inatafsiri kurasa hizo kwa kuzipiga picha. Wauza oili waandike kwenye risiti aina kamili ya oili waliyotoa, ili ikitokea hasara pawe na pa kuanzia. VETA hapa Tanzania na NITA kule Kenya, ambazo zinatoa mafunzo na kupima ujuzi wa mafundi wa magari, ziweke kusoma namba za makosa na kupima oili kwa joto sahihi kuwa sharti la mtu kuitwa fundi wa otomatiki. Na mwenye gari, kabla hajatoa ruhusa ya kushusha giaboksi, aombe kuonyeshwa vitu vitatu: oili kwenye karatasi nyeupe, sumaku za sampu, na namba iliyotoka kwenye kompyuta.